Samaki wa Rangi wa Ziwa Nyasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapiga Mbizi wa Matema, Ikombe na Mwambao wa Ludewa

Kila kiangazi watu wa Mbeya, Tukuyu, Njombe na Iringa hushuka ziwani na miwani ya kupigia mbizi, na wakirudi huwa na picha za samaki wa bluu, njano na zambarau ambao hawajui wawaiteje. Maswali haya yamekusanywa kutoka kwao. Yako kwa makundi, kuanzia yale ya msingi, na pale jibu linapohitaji jingine utaelekezwa namba ya kusoma.

## Mambo ya msingi

1. Hawa samaki wa rangi ni akina nani hasa?

Karibu wote ni siklidi, familia ile ile ya perege na sato unaowakuta sokoni. Ziwa Nyasa lina spishi nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani. Siklidi peke yao wanakadiriwa kuwa kati ya 500 na 1,000, na karibu wote hawapatikani nje ya ziwa hili na mito yake. Kwa mtu aliyezaliwa Kyela au Ludewa, hii ina maana kwamba samaki aliowaona utotoni wakati wa kuoga, watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kuwatazama.

Wingi huo umetokana kwa sehemu kubwa na mawe. Samaki anayekula mwani wa mwamba haoni sababu ya kuvuka mchanga mtupu, ambako hana pa kujificha. Kila mwamba basi huwa na watu wake, na vizazi vikipita wanatofautiana na majirani. Ziwa lenyewe nalo limepanda na kushuka mara nyingi. Katika ukame mkubwa uliotokea kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, maji yalipungua kwa zaidi ya mita 500, kisha yakarudi na kuzamisha miamba mipya.

2. Nikitokea Mbeya au Iringa, niende wapi kuwaona?

Matema ndipo karibu zaidi: unashuka kwa Tukuyu, unapita Kyela au Ipinda, unafika. Ila ufukwe wa Matema wenyewe ni mchanga, na ukiingia majini katikati yake utaona samaki wachache ukadhani umedanganywa. Tembea upande wa mashariki hadi Milima ya Livingstone inapoingia ziwani. Hapo mawe yanaanza, na yanaendelea kuelekea Ikombe, kijiji cha Wakisi wanaofinyanga vyungu vinavyouzwa Matema. Ikombe unafika kwa mtumbwi au kwa miguu.

Zaidi ya hapo ni mwambao wa Ludewa: Lumbila, Makonde, Lupingu, Manda. Milima inaporomoka moja kwa moja majini na miamba ni mingi. Kusini zaidi, mkoani Ruvuma, kuna Liuli na Mbamba Bay, na visiwa vidogo kama Hongi na Lundo, ambavyo majina yake yanajulikana kwa wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote.

3. Lazima niwe na mtungi wa hewa?

Hapana. Samaki wa mwamba wenye rangi kali wengi wako kati ya mita 1 na 10, kwa sababu chakula chao ni mwani na mwani unataka jua. Miwani, bomba la kupumulia na mapezi vinatosha kabisa. Mtungi unakusaidia kukaa mahali pamoja kwa utulivu, na kufika kwa wale wa kina cha mita 15 hadi 30. Ukitumia mtungi, soma swali la 22 kabla hujapanga safari ya kurudi.

4. Msimu gani maji huwa meupe?

Kuanzia Agosti hadi Novemba, kwa kawaida. Masika ya Kyela ni mazito, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga tope kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Aprili unaweza usione hata mapezi yako mwenyewe. Katikati ya mwaka mwera huvuma kwa nguvu na kuleta mawimbi, hivyo ingia asubuhi mapema kabla haujaamka. Joto la maji juu ni kati ya nyuzi 23 na 28, kwa hiyo baridi haitakutoa haraka.

## Kumtambua samaki

5. Nianze na rangi?

Rangi iwe ya mwisho. Hili ndilo jambo linalowapoteza watu wengi kuliko mengine yote. Katika ziwa hili samaki wa spishi moja anaweza kuwa na rangi nne, na spishi nne zinaweza kuwa na rangi moja.

Anza na mahali: alikuwa juu ya jiwe, kwenye mchanga, kwenye majani ya majini, au katikati ya maji? Kisha umbo la kichwa na mdomo. Halafu mistari na madoa: ni ya wima, ya mlalo, ya mshazari, au hakuna? Baada ya hapo angalia anafanya nini. Ukishajibu hayo, spishi mia kadhaa zimebaki chache, na sasa rangi inaweza kukusaidia.

6. Mbuna ni yupi, na nitawatofautishaje wenyewe kwa wenyewe?

Mbuna ni jina kutoka upande wa Malawi la siklidi wadogo wanaoishi kwenye mawe. Wengi wana sentimita 8 hadi 15, hawaendi mbali na mwamba, na wana ugomvi wa mipaka usioisha. Ukiingia majini Ikombe, wao ndio watakaokujaa machoni. Watambue kwa mdomo.

*Labeotropheus* ndiye rahisi kuliko wote. Ana pua nene ya nyama inayoning'inia juu ya mdomo, na mdomo wenyewe umefichwa chini ya kichwa. Muundo huo unamwezesha kukwangua mwani akiwa karibu sambamba na jiwe, hata mahali penye mawimbi. Wapo wawili wanaotajwa sana: *L. fuelleborni*, aliye mnene, na *L. trewavasae*, mwembamba na mrefu zaidi. Yule wa kwanza amepewa jina la Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekusanya samaki wa ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19, enzi ambazo boma la Langenburg lilikuwa Lumbila kabla ya jina hilo kuhamia Tukuyu.

*Petrotilapia* ni mbuna mkubwa. Ana meno mengi membamba ambayo midomo haiwezi kuyafunika, hivyo hata akifunga mdomo unaona kama brashi. Akikugeukia uso kwa uso, huna haja ya kuuliza tena.

*Tropheops* ana paji la uso lenye mteremko mkali na mdomo mdogo ulioelekea chini. Haukwangui mwani; anaubana kwa meno na kuuchuna kwa kutikisa kichwa pembeni. Mtazame kwa dakika moja tu utauona mtikiso huo.

*Maylandia*, ambaye wengine humwandika *Metriaclima*, ana mdomo uliokaa mbele kabisa. Hulisimamia jiwe karibu wima, hufungua mdomo wote na kuchana mwani uliolegea. *Maylandia zebra*, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1899, ndiye anayetajwa zaidi: dume wa bluu mwenye mistari myeusi ya wima. Lakini kabla ya kumwandika zebra, hakikisha si *Cynotilapia*. Huyu ana mavazi yale yale, ila ni mdogo zaidi, meno yake ni ya ncha moja na yametawanyika, na mara nyingi huelea juu ya mwamba pamoja na wenzake akila vijidudu vya majini badala ya kukwangua jiwe.

*Labidochromis* ni mdogo mwenye mdomo uliochongoka, hupita peke yake akidonoa wadudu kwenye mwani. *Melanochromis* ni mwembamba, ana mistari ya mlalo, na ni mwindaji.

Yupo mmoja wa kumwangalia kwa makini: *Genyochromis mento*. Kazi yake ni kunyakua magamba na vipande vya mapezi vya samaki wengine. Rangi yake hubadilika sana toka mmoja hadi mwingine. Ukiona samaki anayefukuzwa na kila anayemkaribia, huku taya la chini limetokeza mbele, mfikirie yeye.

7. Na wale wa mchangani na wa maji ya wazi?

Hao si mbuna, na wengi ni wakubwa zaidi. Katikati ya maji karibu na miamba kuna makundi ya utaka, hasa *Copadichromis*, wanaokula vijidudu vinavyoelea. Midomo yao huchomoka mbele na kuunda bomba la kufyonzea. Madume huwa bluu iliyokoza, mara nyingi na ukingo mweupe au wa njano kwenye pezi la mgongoni.

Mchanga unapokutana na mawe utamkuta *Aulonocara*. Chini ya kichwa chake kuna matundu makubwa yanayohisi mtikisiko wa mdudu aliyejificha mchangani. Huelea karibu kabisa na chini bila kusogea, kisha kwa ghafla huchota mchanga kwa mdomo. *Cyrtocara moorii*, wa bluu mwenye nundu kubwa kwenye paji, huwafuata samaki wanaochimba na kuokota kinachofumuka. *Fossorochromis rostratus* ana safu ya madoa meusi ubavuni na, akitishwa, hujitumbukiza mzima ndani ya mchanga. *Dimidiochromis compressiceps* ni bapa kama aliyebanwa pande zote mbili, hujificha kwenye majani ya majini na mara nyingi huogelea akiwa ameinamisha kichwa.

8. Nimeona samaki wa rangi ya fedha tu, mwenye madoa. Ni yupi?

Huenda ni jike au dume mdogo wa samaki wa swali la 7, na hapa mistari ndiyo inayosema. Madoa matatu ubavuni yanaelekeza kwa *Copadichromis* au *Otopharynx*. Mstari wa mshazari unaoshuka kutoka karibu na shingo hadi mkiani unaelekeza kwa *Mylochromis* na jamaa zake. Mstari wa mlalo hupatikana kwa *Protomelas* na *Dimidiochromis*. Mistari ya wima ni ya *Aulonocara* na *Placidochromis*. Mabaka makubwa ya kahawia yasiyo na mpangilio ni ya *Nimbochromis* (swali la 15). Wataalamu waliopanga upya jenasi (makundi ya spishi zenye undugu wa karibu) za siklidi wa ziwa hili mwaka 1989 waliitegemea sana michoro hii, maana haibadiliki kirahisi kama bluu na njano.

Jike wa fedha peke yake, bila dume karibu, mara nyingi utamfikisha kwenye jenasi na kuishia hapo. Andika jenasi. Ni jibu kamili.

9. Kuna wasio siklidi?

Wapo. *Synodontis njassae* ni kambale mdogo mwenye madoa, hukaa chini ya mawe mchana. *Mastacembelus shiranus* ni mrefu kama mkunga na hupenya kwenye nyufa. Kampango, *Bagrus meridionalis*, ni kambale mkubwa ambaye baba na mama hulinda kiota pamoja, na mama hutaga mayai ya ziada ya kuwalisha watoto. Ndani ya kiota hicho utakuta pia vifaranga vya siklidi, vilivyoletwa na mama zao wapate ulinzi. Mbasa na usipa, wanaojulikana zaidi kwenye sufuria, utawaona ukiwa kwenye maji ya wazi. Ukiona kaa, usishangae. Maji baridi nayo yana kaa wake.

## Rangi na hila zake

10. Dume na jike hufanana?

Kwa samaki wa mchanga na utaka, hapana kabisa: dume ana rangi, jike ni wa fedha au kahawia. Kwa mbuna kuna kila aina. Wapo ambao wote wawili ni wa bluu, wapo ambao dume ni bluu na jike ni njano, na *Maylandia lombardoi* wa Visiwa vya Mbenji upande wa Malawi amegeuza kila kitu: dume ni njano, jike ni bluu.

Angalia pezi la nyuma chini ya tumbo. Dume huwa na madoa ya duara ya njano au chungwa yanayofanana na mayai (sababu iko swali la 14). Jike anaweza kuwa nayo pia, lakini yamefifia.

11. Samaki yule yule ni bluu Ikombe na wa rangi nyingine Lupingu. Inawezekana?

Inawezekana sana, na ndiyo maana jina la mahali ni sehemu ya utambuzi. *Labidochromis caeruleus* wa njano ng'aavu, anayefugwa kwenye matangi kila pembe ya dunia, anatoka sehemu fupi ya pwani ya magharibi ya ziwa, upande wa Malawi. Wengi wa ndugu zake wa mahali pengine ni weupe au bluu hafifu. Picha bila jina la mwamba imepoteza nusu ya thamani yake.

12. Alibadilika rangi mbele ya macho yangu.

Hujaota. Dume anayetawala eneo huwaka rangi, akishindwa na mpinzani hufifia ndani ya dakika chache, na mistari ya wima hujitokeza au kupotea kwa hofu. Ukimfukuza ili umpige picha, utapiga picha ya samaki aliyeogopa, ambayo si ile iliyo kwenye vitabu. Tulia mbali kidogo. Atarudi kwenye jiwe lake.

Yapo pia mabaka ya kudumu. Katika *Labeotropheus* na *Maylandia* utakutana na samaki wa chungwa au waridi aliyetapakaa mabaka meusi, na karibu kila mara ni jike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa jeni la mabaka liko jirani na jeni linaloamua ujike, hivyo hurithiwa pamoja. Madume wa namna hiyo wapo lakini ni wachache, na huwa bluu yenye madoa meusi. Kila mmoja ni spishi ile ile na wenzake wa rangi ya kawaida wanaoogelea kando yake.

13. Kwa nini rangi nyekundu haionekani kwenye picha zangu?

Maji humeza mwanga mwekundu kwanza. Ukifika mita 5 hadi 10, wekundu na chungwa huonekana kahawia au kijivu, na bluu hutawala. Washa tochi ukiwa karibu, rangi itarudi. Andika kina ulichokuwa.

## Tabia zinazomtambulisha

14. Samaki amevimba koo na hali chochote. Anaumwa?

Huyo ni mama. Karibu siklidi wote wa ziwa hili huatamia mayai mdomoni, kwa takriban wiki tatu, bila kula au kwa kula kidogo sana. Hutaga juu ya jiwe au mchanga, huyaokota upesi, kisha hudonoa yale madoa ya mayai kwenye pezi la dume, na hapo mayai hurutubishwa ndani ya mdomo wake. Ukimsumbua anaweza kuyatema au kuyameza. Mpite mbali, tafadhali. Huyu ndiye samaki ambaye uvumilivu wako unamfaa zaidi kuliko mwingine yeyote.

Mbuna akishatoa vifaranga, wengi huwaacha wajitafutie kwenye nyufa. Samaki wengi wa mchanga huendelea kuwalinda na kuwarudisha mdomoni hatari ikija, na tabia hiyo nayo ni alama. Asiyeatamia mdomoni ni *Coptodon rendalli*, perege anayetaga chini na kulinda kiota.

15. Nimekuta samaki mkubwa amelala ubavu mchangani kama mzoga, kisha akafufuka.

*Nimbochromis livingstonii*. Hulala na mabaka yake ya kahawia na nyeupe, vidagaa husogea kuonja, naye huwanasa. Tabia pamoja na mabaka hayo vinatosha kumtaja bila wasiwasi. Hii ni zawadi kubwa ya siku, na wengi hupita juu yake bila kujua.

16. Vilima na mashimo ya mchanga yamepangwa kwa safu. Nani kayachimba?

Madume. Dume huchota mchanga kwa mdomo, mara elfu na elfu, na kujenga kilima au bakuli la kumwitia jike. Baadhi ni ya upana wa kiganja, mengine huzidi mita moja. Kila spishi ina ramani yake: kilima chenye kilele bapa, chenye bakuli juu, shimo lililoegemea jiwe. Piga picha ya jengo pamoja na mjenzi wake, na nyanyua mapezi yako yasilibomoe.

## Picha na majina

17. Picha gani inatosha kutambulika?

Ya ubavu mzima, mapezi yakiwa yamefunguka, na samaki akiwa kwenye usawa wa macho yako. Ya pili iwe ya kichwa kwa karibu, mdomo uonekane. Ya tatu ya mahali alipo. Kisha andika mwamba, kina, tarehe, na alichokuwa anafanya. Picha kutoka juu, hata iwe nzuri namna gani, huonyesha mgongo tu, na migongo ya mbuna inafanana.

Waulize pia wavuvi. Shikamoo na dakika kumi za mazungumzo na mzee wa Ikombe au Lupingu zitakwambia samaki huyo huja lini na hukaa wapi. Umwonyeshe picha baada ya yeye kuzungumza, usije ukamwekea jibu mdomoni.

18. Kwa nini majina mengi yana "sp." na neno la mahali?

Maana yake spishi inajulikana kuwepo lakini bado haijaelezwa rasmi. *Labidochromis* sp. "Hongi", kwa mfano, ametajwa kwa kisiwa chake mkoani Ruvuma. Jina la namna hiyo ni halali kulitumia. Liandike lote pamoja na mahali. Ukitafuta kwenye intaneti, tafuta kwa Ziwa Nyasa na kwa Ziwa Malawi pia, kwa kuwa maandishi mengi ya wafugaji hutumia jina la pili.

19. Programu ya simu imenipa jina. Niiamini?

Ichukulie kama pendekezo. iNaturalist inafaa sana kuhifadhi picha na kupata maoni ya watu wenye ujuzi, lakini kompyuta imejifunza zaidi kutokana na samaki maarufu. Hupenda kumwita kila mwenye mistari ya njano na nyeusi *Melanochromis auratus*, ilhali huyo makazi yake ni sehemu ya kusini ya ziwa. Kama jina ulilopewa halina makazi upande wetu, rudi swali la 5.

Jihadhari pia na picha za matangi. *Aulonocara* mwenye mabaka ya chungwa na meusi, anayeuzwa sana nje, ni chotara aliyetengenezwa na wafugaji. Hutamkuta ziwani.

## Usalama

20. Ziwa lina kichocho?

Ndiyo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hasa kwenye maji matulivu, yenye majani, karibu na makazi ya watu. Kwenye miamba iliyo wazi hatari ni ndogo, lakini ipo. Pima wiki 6 hadi 12 baada ya safari, hata kama huna dalili. Dawa ya praziquantel ipo na hufanya kazi. Samaki nao wanahusika: *Trematocranus placodon* hula konokono, na mahali alipovuliwa kupita kiasi kusini mwa ziwa, konokono na kichocho viliongezeka.

21. Mamba je?

Wapo, hasa karibu na midomo ya mito kama Lufilyo. Usiingie majini kabla ya kuwauliza wenyeji wa hapo hapo siku hiyo hiyo, na usipige mbizi machweo.

22. Nikishamaliza kupiga mbizi na mtungi, naweza kupanda Mbeya jioni ile ile?

Usipande. Swali hili halipo kwenye vitabu vya pwani, na kwetu ndilo la kwanza kwa uzito. Naomba ulisome mara mbili na umsomee dereva.

Ziwa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, na barabara ya kutoka Tukuyu hupita juu ya mita 2,000 eneo la Isongole. Kupanda huko muda mfupi baada ya kupumua hewa ya mtungi ni sawa na kupanda ndege: naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutengeneza mapovu. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, kuhusu ndege, unaohusu mwinuko wa mita 600 hadi 2,400, unashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima (kusimama njiani unapopanda juu ili naitrojeni itoke mwilini), na saa 18 baada ya mbizi kadhaa au siku kadhaa za mbizi. Mbizi yenye vituo vya lazima inataka muda mrefu zaidi. Lala Matema. Kula wali wa Kyela. Panda kesho yake.

Zaidi ya hayo, maji yaliyo juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa mbizi ya mwinuko, hivyo kompyuta ya mbizi iwekwe hivyo au utumie majedwali yake. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya kupanda ni dharura. Shuka kama inawezekana, pumua oksijeni, na utafute daktari mara moja. Waliotumia bomba la kupumulia tu, bila mtungi, hawahusiki na swali hili.

## Maswali ya pembezoni

23. Naweza kuchukua wawili nikawafuge nyumbani Iringa?

Usiwachukue kienyeji. Uvuvi na biashara ya samaki wa mapambo viko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na vinahitaji kibali. Anzia kwa ofisi ya uvuvi ya wilaya na BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya kijiji. Samaki wa mwamba mmoja ni wachache kuliko wanavyoonekana. *Chindongo saulosi*, anayeishi kwenye miamba michache karibu na Kisiwa cha Chizumulu, amepunguzwa sana na uvuvi wa biashara hiyo.

Kosa baya zaidi ni kumrudisha samaki ziwani mahali ambapo si kwao. Kisiwa cha Thumbi Magharibi, Malawi, kina mbuna wa kuletwa walioachiwa na wasafirishaji, na sasa wanazaliana na kuchanganyika na wenyeji.

24. Samaki wangu hafanani na yeyote. Nimegundua spishi mpya?

Labda, ila kwanza ondoa yanayowezekana zaidi: jike, dume mchanga, dume aliyeshindwa (swali la 12), rangi ya mahali (11), athari ya kina (13). Kama bado anasimama peke yake, rudi kwenye mwamba ule ule utafute wenzake. Samaki mmoja anaweza kuwa chotara. Dume kumi wanaofanana na wenye maeneo yao ni habari nyingine. Peleka picha na maelezo kwa kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) Kyela. Mwambao wa Ludewa bado una miamba mingi ambayo haijatazamwa vya kutosha.

25. Niliona konokono wa rangi wasio na kombe nilipopiga mbizi Mafia. Je, ziwani wapo?

Hapana. Konokono hao ni wa maji chumvi, na ziwani utaona konokono wenye kombe tu. Ukienda Mafia au Ghuba ya Mnazi, Mtwara, uzoefu wa Nyasa utakusaidia nusu tu. Kule rangi ni onyo: wengi wa konokono hao wana sumu au ladha mbaya, na hutangaza hivyo kwa samaki. Hawana dume na jike, kila mmoja ni vyote viwili, kwa hiyo swali la 10 halipo.

Anza na mgongo wake. Akiwa na shada la matamvua nyuma, ni wa kundi la doridi. Akiwa amejaa vidole laini mwili mzima, ni wa kundi la aeolidi. Akiwa bapa kabisa, hana shada wala pembe mbili za kweli kichwani, huenda ni mnyoo bapa anayeiga rangi zao. Kisha angalia amekaa juu ya nini, sponji gani au matumbawe gani, kwa sababu wengi wao hula kitu kimoja tu na mara nyingi hukaa juu ya chakula chao.